Rangi ya Punje: Kwa Nini Mbegu Nyeupe Huzaa Mpunga Mwekundu

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa mpunga, bonde la Kilombero



Katika bonde la Kilombero, toka Ifakara hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Malinyi, mpunga ndio unaojenga nyumba, kununua sare za shule na kulipia matibabu. Lakini kila ufikapo wakati wa mavuno kuna neno moja linalozusha ubishi ghalani, nalo ni punje nyekundu. Mnunuzi hukoboa kiganja kimoja cha mpunga, akaona punje chache nyekundu katikati ya zile nyeupe, akashusha bei ya gunia zima. Mkulima huapa kwamba alipanda mbegu nyeupe tupu. Basi mnunuzi humwona mkulima kuwa mwongo, na mkulima humwona mnunuzi kuwa mnyang'anyi. Wako wasemao kwamba ardhi imechoka. Wengine huyalaumu maji ya mafuriko, na wengine huilaumu mashine ya kukobolea.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba mkulima huyo anaweza kuwa msema kweli kabisa. Mbegu aliyopanda yaweza kuwa nyeupe kwa macho, na mavuno yake yakawa mekundu. Rangi ya punje haitoki udongoni wala majini, wala haiingizwi na mashine. Huundwa na mmea wenyewe, kwa kufuata maagizo ambayo mmea umeyarithi kutoka kwa wazazi wake. Mwanachama akielewa jinsi rangi hiyo inavyoundwa, atajua pia ni mahali gani hasa pa kuizuia.

Kiwanda cha rangi ndani ya mmea

Mfano ulio karibu na kila mkazi wa bonde hili ni yungiyungi. Mvua za masika zinapojaza madimbwi, mayungiyungi huchanua juu ya maji, mengine meupe na mengine ya samawati. Maji ni yale yale na tope ni lile lile. Kama rangi ingetoka kwenye maji au tope, maua ya dimbwi moja yangefanana yote. Hayafanani, kwa kuwa kila mmea una kiwanda chake cha rangi ndani ya seli za petali zake.

Kiwanda hicho hufanya kazi kwa hatua. Malighafi yake ni fenilalanini, moja ya chembe ambazo mmea huzitumia pia kujengea protini. Malighafi hiyo hupita mikononi mwa wafanyakazi wengi, mmoja baada ya mwingine. Wafanyakazi hao ni vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina kazi moja tu. Katika hatua za mwanzo hakuna rangi nyekundu wala ya samawati inayoonekana. Ni katika hatua za mwisho tu ndipo hutokea dutu zenye rangi ziitwazo anthosianini, ambazo zaweza kuwa nyekundu, zambarau au samawati kwa kadiri ya kila mfanyakazi alichoongeza au kupunguza.

Yungiyungi moja la asili ya Tanzania, ambalo wataalamu wa mimea hulijua kwa jina la Nymphaea colorata, limechunguzwa kwa undani mkubwa. Mwaka 2020 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha usomaji wa jeni zake zote, kazi iliyoongozwa na watafiti wa China. Watafiti hao waliitambua dutu yenyewe inayolipa ua hilo usamawati wake, dutu ya jamii ya delfinidini, pamoja na vimeng'enya vinavyoelekea kushiriki katika kuiunda. Hali kadhalika lotasi ya Asia, mmea unaofanana na yungiyungi ingawa si wa ukoo wake, ina aina za maua mekundu na aina za maua meupe. Petali zake zilipochunguzwa, ilionekana kwamba katika ua jeupe sehemu kubwa ya mnyororo wa kazi ipo, bali kimeng'enya kimoja cha hatua ya karibu na mwisho hakiundwi kwa kiasi cha kutosha. Malighafi hufika hapo ikakwama.

Hapa pana jambo la kukumbukwa. Ua jeupe halikupakwa rangi nyeupe. Ni ua ambalo rangi yake haikukamilika, na weupe wake ni mwanga tu unaotawanywa na hewa iliyo katikati ya seli. Hivyo weupe huja kwa kukosekana kwa kitu, na wekundu huja pale kila kitu kinapokuwapo.

Punje ya mpunga na msimamizi wake

Mpunga unatumia mnyororo huo huo, ila mwisho wake ni tofauti kidogo. Katika punje nyekundu kiwanda humalizia kwa kuunda dutu ziitwazo proanthosianidini, ambazo ni za jamii ya tanini. Tanini ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni mtu anapokunywa chai kali au anapotafuna ndizi mbichi. Dutu hizo hukaa katika ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda la punje, yaani sehemu ile inayoondoka kama pumba wakati wa kukoboa. Wanga ulio ndani ni mweupe katika punje zote mbili, ile nyekundu na ile nyeupe.

Ili ngozi hiyo iwe nyekundu, mambo mawili lazima yawepo pamoja. La kwanza ni jeni iitwayo Rc, ambayo kazi yake ni kama ya msimamizi wa kiwanda. Jeni hii haiundi rangi yenyewe, bali hutoa amri ya kiwanda kuanza kazi. La pili ni jeni iitwayo Rd, inayomleta mmoja wa wafanyakazi walio katika mnyororo. Msimamizi akiwepo na mfanyakazi huyo akiwepo, punje huwa nyekundu. Msimamizi akiwepo bila mfanyakazi huyo, kazi hukwama njiani na punje huwa ya kahawia. Msimamizi asipokuwepo, hata kama wafanyakazi wote wapo, punje huwa nyeupe.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walionyesha ni nini kilichompata msimamizi huyo katika mpunga mweupe. Jeni yaweza kulinganishwa na barua ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne tu. Katika barua ya Rc ya mpunga mweupe herufi 14 zimedondoka, na kwa sababu hiyo amri haisomeki tena. Mwaka 2007 walieleza kwamba, kati ya aina za mpunga mweupe walizozichunguza kutoka sehemu mbalimbali za dunia, karibu 98 katika kila 100 zina upungufu huo huo wa herufi 14. Maana yake ni kwamba wekundu ndio asili ya mpunga. Weupe ni kasoro ndogo iliyotokea zamani za kale huko Asia, wakulima wa kale wakaipenda, wakaichagua, wakaitawanya duniani kote.

Kwa kuwa nakala moja nzima ya Rc inatosha kutoa amri, wekundu huushinda weupe pale unapokutana nao katika mche mmoja. Mche wenye nakala moja nzima kutoka kwa mzazi mwekundu, na nakala moja yenye kasoro kutoka kwa mzazi mweupe, utazaa punje nyekundu.

Ngozi ya punje ni ya mama

Sasa yafaa kurudi kwenye ubishi wa ghalani. Punje ya mpunga ina sehemu mbili zisizo na umri mmoja. Kiini kitakachoota ni mtoto, naye amepata urithi kutoka kwa mama na kutoka kwa baba aliyeleta chavua. Lakini ngozi inayokifunika kiini hicho ni mali ya mama peke yake, kama vile kanga inavyomfunika mtoto aliyebebwa mgongoni. Rangi ya kanga humweleza mama, wala haimwelezi mtoto.

Kwa mfano, mche mweupe katika shamba la mwanachama umepata chavua kutoka kwa mche mwekundu ulioota kando yake. Punje itakayozaliwa itakuwa na ngozi nyeupe, kwa maana mama yake ni mweupe. Mkulima ataitazama, ataikoboa ya jirani yake katika suke hilo hilo, na hataona dosari yoyote. Ataiweka katika mbegu. Msimu wa pili punje hiyo itaota kuwa mche, na mche huo sasa ndio mama. Kwa kuwa una nakala moja nzima ya Rc, punje zake zote zitakuwa nyekundu. Hapo ndipo mkulima husema kwamba alipanda nyeupe akavuna nyekundu, naye husema kweli.

Msimu wa tatu mambo huzidi kuchanganyika. Punje za mche huo, ambazo zote ni nyekundu kwa macho, zikiota, kwa wastani miche mitatu katika kila minne itazaa nyekundu na mmoja utazaa nyeupe. Hivyo punje nyeupe yaweza kumficha mtoto mwekundu, na punje nyekundu yaweza kumficha mtoto mweupe. Macho hayatoshi kuihukumu mbegu. Mtu aliyezipepeta na kuzichambua mbegu zake usiku kucha amefanya kazi njema, lakini kazi hiyo huondoa makosa ya msimu uliopita tu. Makosa ya msimu ujao yamekwisha kuingia ndani.

Ni haki kueleza kwamba mpunga wa shambani hujichavusha wenyewe. Kwa kawaida ua lisilofikia moja katika kila 100 ndilo hupata chavua ya jirani. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini ekari moja ikitoa hata tani moja tu, hizo ni punje zaidi ya milioni 30. Sehemu ndogo ya mamilioni ni maelfu.

Kwa nini mwekundu haondoki

Chavua ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni mbegu iliyochanganyika tangu mwanzo, na wa tatu, ambao aghalabu ni mpana kuliko yote, ni udongo.

Mpunga mwekundu unaoota kama gugu una tabia mbili za mwituni. Ya kwanza ni kupukutisha punje zake mapema, kabla ya mundu kufika. Ya pili ni kulala. Punje hukaa udongoni bila kuota, ikisubiri msimu mwingine, pengine hata miaka kadhaa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la South Dakota nchini Marekani walieleza kwamba msimamizi Rc, anayeamuru rangi, ndiye pia anayesaidia kuamuru usingizi huo. Huongeza ndani ya punje changa homoni inayoizuia kuota. Kwa hiyo wekundu na usingizi havikukutana kwa bahati, bali hutoka katika jeni moja. Mkulima wa kale alipochagua weupe alichagua pia, pasipo kujua, mbegu inayoota upesi. Na gugu jekundu linalorudi shambani hurudi na silaha zake zote mbili.

Pamoja na gugu hilo, bonde la Kilombero lina mpunga mwitu wa kudumu, ambao wataalamu huuita Oryza longistaminata. Huu huishi mwaka hadi mwaka kwa mashina yatambaayo chini ya udongo, na kuutifua kwa jembe mara moja hukata vipande ambavyo kila kimoja chaweza kuchipua. Unapokutana na mpunga wa shambani, mara nyingi uzao hufa ungali mchanga, lakini si kila mara. Mmea huu ni adui ndani ya jaruba, ila nje ya shamba si wa kudharauliwa. Jeni iitwayo Xa21, inayoukinga mpunga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, ilitoka katika mpunga mwitu wa ukoo huu ulioletwa kutoka Mali, na wanasayansi waliitenga mwaka 1995. Kilombero ni ardhi oevu iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, na mimea yake ya mwituni ni akiba ya watu wote. Uondolewe mashambani, uachwe mtoni.

Hasara ni ya nani

Yafaa kusema wazi kwamba mchele mwekundu si sumu. Huko Sri Lanka na Madagascar huliwa kwa kupendwa, na katika eneo la Camargue nchini Ufaransa huuzwa kama bidhaa ya fahari. Mkulima akiamua kulima aina nyekundu peke yake na kuipatia soko lake, hana kosa. Tatizo la Kilombero ni mchanganyiko. Mnunuzi aliyeahidiwa mchele mweupe hukuta madoa. Mwenye mashine akitaka kuyaondoa hana budi kusugua mchele kwa muda mrefu zaidi, na matokeo yake ni pumba nyingi na chenga nyingi. Uzito hupungua na daraja hushuka.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la ushirika, wala si la mtu mmoja. Wakulima wanapokusanya mazao yao katika ghala moja ili wauze kwa pamoja, nguvu yao iko katika wingi wenye sifa moja. Magunia machache yenye mchanganyiko huyashusha mamia. Samaki mmoja akioza, wahenga walisema, wote wameoza.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila mwanachama aweza kuifanya. Punje 1,000 za mpunga huwa na uzito wa gramu 25 hadi 30, hivyo kilo moja ina punje kama 35,000. Ikiwa katika kila punje 1,000 moja tu ni ya mche mwekundu, kilo moja ina 35. Mkulima anayemwaga kilo 30 katika ekari yake atakuwa ameotesha miche mwekundu zaidi ya 1,000 kwa mkono wake mwenyewe. Kila mche utapukutisha punje zake, na nyingine zitalala.

Kazi iliyo mbele ya vyama

Kwa kuwa rangi hufichwa na ngozi ya mama, mahali pa kuizuia si mashineni wala ghalani. Ni shambani, kabla chavua haijaruka na kabla punje hazijapukutika. Kazi zifuatazo ziko ndani ya uwezo wa kila chama cha msingi.

Kwanza, mbegu safi. Kituo cha utafiti cha TARI Ifakara, ambacho zamani kilijulikana kwa jina la KATRIN, kipo karibu na wakulima wa bonde hili. Aina ya SARO 5, iitwayo pia TXD 306, iliidhinishwa mwaka 2002 na inajulikana kwa wengi. Sheria inaruhusu pia vikundi vya wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi wa TOSCI. Chama kinaweza kuteua wanachama wachache waangalifu, wenye majaruba yaliyo mbali na mpunga mwitu, wawazalishie wenzao.

Pili, kuamsha punje zilizolala. Shamba huandaliwa mapema na kuachwa lipate mvua za kwanza au maji ya mfereji. Magugu huota, kisha huuawa kwa jembe la juu juu, ndipo mbegu ipandwe. Punje zilizopukutika zisifukiwe chini sana baada ya mavuno, kwa maana huko ndiko hulala salama. Zikibaki juu ya ardhi, ndege na panya hupunguza nyingi.

Tatu, kupanda kwa mistari. Katika shamba lililomwagwa mbegu, mgeni hajulikani. Katika mistari, kila mche ulioota nje ya mstari ni mgeni mpaka ithibitike vinginevyo.

Nne, kung'oa wageni. Wakati masuke yanapoanza kuchomoza, mkulima apite jaruba kwa jaruba akitafuta miche mirefu kupita kiasi, yenye majani ya kijani kilichofifia, yenye nywele ndefu kwenye punje, au iliyotangulia kutoa masuke. Katika aina fupi kama SARO 5 wageni huonekana upesi. Katika Supa, ambayo ni ndefu, hujificha, na jicho linahitaji subira. Miche hiyo ing'olewe yote na kutolewa nje ya shamba, maana ikiachwa kwenye tuta la jaruba yaweza kukomaza punje.

Tano, usafi wa vyombo. Kombaini inayotoka shamba moja kwenda jingine, turubai la kupuria na magunia ya zamani, vyote hubeba punje. Kamati ya chama iwe na desturi ya kusafisha mashine kabla haijavuka mpaka wa shamba.

Sita, kupima kabla ya kupokea. Sampuli ya kila mwanachama ivuliwe maganda kwa mkono na punje nyekundu zihesabiwe mbele yake, na idadi iandikwe katika daftari. Daftari hilo lisiwe la kumwaibisha mtu. Likiwekwa kwa misimu mitatu mfululizo litaonyesha ni kitongoji gani kinachohitaji mbegu mpya, na ni mfereji gani unaoleta wageni.

Juhudi ya mtu mmoja haifiki mbali katika jambo hili. Mwenye jaruba safi aliyezungukwa na majaruba machafu ataletewa chavua na upepo, na ataletewa punje na maji. Kwa sababu hiyo siku za kung'oa wageni zipangwe na mkutano wa wanachama, mfereji mzima kwa pamoja, kama zinavyopangwa siku za kusafisha mfereji wenyewe. Mkutano wa kupanga siku hizo unapaswa kufanyika kabla ya masuke kuchomoza. Baada ya hapo msimamizi wa kiwanda atakuwa amekwisha kutoa amri yake, na mkulima atabaki kuapa ghalani mbele ya mtu asiyemwamini.